Naomba ushauri: kusoma shahada ya uuguzi ya muda mfupi Marekani ukiwa na shahada ya fani nyingine

Mama wa Wawili, Columbus, Ohio

Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Naomba ushauri wa wale waliosoma uuguzi hapa Marekani kwa njia ya ABSN, yaani programu ya haraka inayomwezesha mtu mwenye shahada ya fani nyingine kupata shahada ya uuguzi bila kurudia miaka minne ya chuo.

Mimi ni Mtanzania mwenye shahada ya biashara niliyoisomea nyumbani, na ninaishi huku kwa kadi ya ukaazi wa kudumu. Ninafanya kazi ya CNA, yaani msaidizi wa wauguzi, katika makao ya wazee, mara nyingi zamu ya usiku. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu na hurudi nyumbani mwishoni mwa wiki. Tuna watoto wawili. Mkubwa yuko darasa la kwanza na mdogo bado hajaanza shule. Kazi hii niliichukua kwa sababu ndiyo iliyopatikana, lakini kadiri ninavyokaa na wazee ndivyo ninavyotamani kubaki katika fani ya afya nikiwa na elimu kamili, ili mzee aliyezungumza nami vizuri jana akiamka leo amechanganyikiwa, nijue nitazame nini na nichukue hatua gani, badala ya kuishia kumwita nesi.

Programu ninayoifikiria huchukua miezi 15. Maelezo ya chuo nimeyasoma na masharti nimeyaelewa, ila hayaelezi maisha yenyewe yanakuwaje. Kwanza, masomo ya sayansi yanayotakiwa kabla ya kuomba nafasi sina, kwa kuwa nilikuwa mchepuo wa biashara na sayansi yangu iliishia kwenye baiolojia ya kidato cha nne. Je, inawezekana kuyasoma huku nikiendelea na kazi? Pili, ni kweli kwamba mtu hawezi kufanya kazi akiwa ndani ya programu? Hapa nyumbani tunategemea mishahara miwili, na wazazi wangu wanategemea ninachowatumia kila mwezi. Tatu, mnasomaje? Wenzangu kazini wanasema kwamba waliowaona wakishindwa walikuwa watu waliofaulu vizuri sana katika shahada zao za kwanza, na jambo hilo ndilo linalonitia hofu kuliko mengine yote.

Nitashukuru kwa ushauri wa kina, hata kama ni wa kunishauri niache, mradi una sababu za msingi. Naomba kuwasilisha.

Muuguzi wa wodi ya moyo, Dallas

Dada, hongera kwa kuuliza mapema, kwa sababu kwa jinsi nilivyoiona programu hii, sehemu kubwa ya matokeo yake huamuliwa kabla ya siku ya kwanza ya darasa. Mimi niliingia nikiwa na shahada ya ualimu kutoka nyumbani, na sasa ninahudumia wagonjwa wa moyo.

Programu za namna hii zilianza mwaka 1971 katika Chuo Kikuu cha Saint Louis, na kwa kawaida huchukua kati ya miezi 11 na 18. Muda huo mfupi haupatikani kwa kupunguza masomo ya uuguzi. Unapatikana kwa kuondoa masomo ya jumla ambayo shahada yako ya kwanza inahesabiwa kuwa imeyamaliza, na kwa kuondoa likizo, kwa hiyo kinachobaki ni uuguzi mtupu, muhula baada ya muhula, majira ya joto na ya baridi. Mtu akiugua wiki mbili katika programu ya kawaida ana nafasi ya kujikusanya. Huku wiki mbili zinaweza kuwa robo ya somo zima.

Masomo ya awali ambayo vyuo vingi hudai ni anatomia na fiziolojia sehemu mbili pamoja na maabara, mikrobiolojia na maabara yake, kemia, takwimu, lishe, na saikolojia ya makuzi ya binadamu. Huenda takwimu uliyosoma kwenye biashara ikakubaliwa, lakini chuo hakitakujibu mpaka matokeo yako yafanyiwe tathmini ya somo kwa somo na taasisi ya kutathmini vyeti vya nje kama WES, na chuo chako cha nyumbani ndicho kinachotakiwa kuyatuma. Shughuli hiyo ianze sasa, kwa sababu ufuatiliaji wa matokeo ukiwa mbali huhitaji ndugu wa kwenda ofisini ana kwa ana, tena zaidi ya mara moja. Yaliyobaki yasomee katika chuo cha jamii kilicho karibu nawe, ambako ada ni nafuu na madarasa ya jioni yapo. Ukiwa kazini utayaweza, mradi usizidishe masomo mawili kwa muhula na usiweke sayansi mbili zenye maabara katika muhula mmoja ukiwa bado zamu za usiku. Angalia pia ukomo wa muda, maana vyuo vingi havipokei masomo ya sayansi yaliyopita miaka mitano, vingine saba.

Nakusihi sana usiyasome masomo hayo ili kuyamaliza tu. Mwezi wa kwanza wa famakolojia, yaani somo la dawa, mhadhiri atasema kwamba dawa fulani inazuia kimeng'enya kinachotengeneza angiotensini ya pili, kisha ataendelea na dawa nyingine, kwa sababu anahesabu kwamba namna figo na mishipa zinavyodhibiti presha ya damu uliijua tangu fiziolojia. Asiyeijua hapati siku ya kurudi nyuma. Ukiwa na muda mdogo, weka nguvu kwenye moyo, mapafu, figo, na uwiano wa maji na madini mwilini; mambo hayo manne yatakufuata mpaka siku ya mwisho.

Mtihani wa kuingilia, ambao kwa vyuo vingi ni TEAS, una maswali 170 kwa dakika 209, yakiwa ya kusoma na kuelewa, hisabati, sayansi na lugha ya Kiingereza. Hausumbui mtu aliyetoka kwenye fiziolojia karibuni, kwa hiyo ufanye mara baada ya kumaliza sehemu ya pili.

Katika kuchagua chuo, usivutwe na matangazo. Fungua tovuti ya bodi ya uuguzi ya jimbo lako utazame kama programu imeidhinishwa, na ni asilimia ngapi ya wahitimu wake hufaulu mtihani wa leseni, yaani NCLEX-RN, kwa mara ya kwanza. Kisha uhakikishe kwamba ina ithibati ya CCNE au ACEN, mashirika yanayokagua ubora wa programu za uuguzi. Nalisisitiza hili kwa sababu sisi wahamiaji tunafuatwa mno na watu wanaouza njia za mkato. Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya watu 25 katika kesi ya vyeti bandia vya uuguzi zaidi ya 7,600 vilivyotolewa Florida, na baadhi ya walionunua vyeti hivyo walikuwa wamekwisha kupata leseni na kuingia kazini.

Sasa fedha. Ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell usiihesabu, kwa kuwa hutolewa kwa wasio na shahada. Mikopo ya serikali kuu utaiomba kwa fomu ya FAFSA, na kadi yako ya ukaazi inakuruhusu, lakini mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayejitegemea hakopeshwi zaidi ya dola 12,500 kwa mwaka wa masomo, hata akiwa mwaka wa mwisho, na jumla ya mikopo yake yote haivuki dola 57,500. Ada ya vyuo vingi binafsi huzidi kiasi hicho cha mwaka mara kadhaa, na hapo ndipo watu hujikuta wakitia saini mkopo wa benki wenye riba kali wiki moja kabla ya masomo kuanza. Ujue leo pengo lako ni kiasi gani. Omba pia ufadhili wa Nurse Corps ulio chini ya HRSA, taasisi ya afya ya serikali kuu, ambao hupokea wenye ukaazi wa kudumu na hulipa ada kwa sharti la kufanya kazi baadaye katika eneo lenye upungufu wa wauguzi. Waombaji ni wengi, lakini fomu ni bure.

Kuhusu kufanya kazi, wiki ya kawaida ina siku tatu za darasani, siku moja au mbili za vitendo hospitalini ambazo mara nyingi ni zamu za saa 12, na mtihani karibu kila wiki. Niliowaona wakimaliza huku wana kazi walibaki na zamu moja ya mwisho wa wiki, na hata hiyo waliiacha mitihani ilipobana. Kwa mshahara unaoutegemea kulisha nyumba, jibu ni hapana, hutaweza kuupata huku ukisoma. Jiulize pia nani atakaa na watoto mume akiwa safarini. Zamu ya vitendo huanza kabla ya saa 1 asubuhi, pengine katika hospitali iliyo mwendo wa saa nzima kutoka kwako, na vituo vingi vya kulea watoto havifungui kabla ya saa 12. Swali hilo moja limewatoa darasani wanawake wengi wenye akili kuliko famakolojia ilivyowatoa.

Jambo la mwisho, ambalo vyuo haviwezi kukueleza, ni nyumbani. Ada za wadogo zetu, dawa za wazazi, michango ya harusi na misiba, vyote hivyo haviachi kuja kwa sababu wewe uko masomoni. Mwenzangu mmoja darasani hakutaka wazazi wake wajue kwamba kipato chake kimekatika. Akaendelea kutuma kiasi kilekile kwa kufanya zamu za usiku Ijumaa na Jumamosi, na muhula wa pili akaondolewa. Kwa hiyo piga simu, si ujumbe wa maandishi, uzungumze na wazazi na ndugu zako wote, uwaambie tarehe utakayopunguza, kiasi kitakachobaki, na tarehe utakayomaliza. Ukiweza, weka akiba ya dharura ya wazazi peke yake, aishike ndugu mnayemwamini, ili simu ya usiku ya kuambiwa mama amelazwa isikulazimishe kuacha mtihani ukatafute zamu.

Mkufunzi wa vitendo, Minneapolis

Hamjambo nyote. Mdogo wangu, aliyetangulia ameeleza maandalizi vizuri, nami nitajibu swali lako la tatu, kwa sababu ndilo ninaloliona kila muhula kwa wanafunzi ninaowasimamia wodini. Mimi nilisomea uuguzi Kenya kabla ya kuja huku, kwa hiyo niseme kwa ufupi kwa wasomaji wengine: ikiwa tayari una diploma au shahada ya uuguzi kutoka nyumbani, usikimbilie ABSN; anza kwa kuiomba bodi ya jimbo ikuelekeze kwenye tathmini ya vyeti vyako, maana huenda ukaruhusiwa kufanya NCLEX-RN moja kwa moja au kwa kuongeza masomo machache.

Watu waliofaulu vizuri katika shahada ya kwanza hushindwa huku kwa sababu wanaendelea kusoma kwa njia iliyowafaulisha kule. Wengi wetu tulilelewa katika elimu ya kukariri: mwalimu alitoa maelezo, tukayaandika, tukayarudisha kwenye karatasi ya mtihani. Mitihani ya uuguzi inadhani kwamba maelezo unayo, kisha inakuuliza ungefanya nini. Tena majibu yote manne huwa ni mambo ambayo muuguzi anaweza kuyafanya, na wewe unatakiwa kuchagua linalotangulia.

Chukua mfano wako mwenyewe wa mzee aliyechanganyikiwa. Swali linaweza kuja hivi: mgonjwa wa miaka 82 alilazwa jana kwa kuvunjika nyonga, jana alijitambua, asubuhi hii anang'oa kanula, ule mrija wa kwenye mshipa, na hajui yuko wapi, muuguzi afanye nini kwanza? Jibu la kwanza ni kumpa dawa ya kumtuliza, la pili ni kumfunga mikono, la tatu ni kumpigia daktari, na la nne ni kupima kiwango cha oksijeni kwenye damu. Mwanafunzi mwenye huruma huchagua dawa, na mwenye tahadhari huchagua daktari. Jibu ni oksijeni. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kwa mzee ni dalili ya mwili, na mfupa uliovunjika unaweza kuachia mafuta yanayosafiri kwenye damu hadi mapafuni, ambapo kuchanganyikiwa huwa miongoni mwa dalili za mwanzo. Dawa ya usingizi itaificha dalili na kupunguza pumzi. Kumfunga ni hatua ya mwisho kabisa na huhitaji amri ya daktari. Daktari naye utampigia, lakini swali lake la kwanza litakuwa oksijeni ni ngapi, mapigo ni mangapi, presha ni ngapi, sukari ni ngapi, amepewa dawa gani za maumivu usiku, na ukimpigia mikono mitupu atakurudisha kitandani kwa mgonjwa.

Soma kila ugonjwa kwa mtindo huo. Ukifika kwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu, usikariri orodha ya dalili; jiulize maji yanajaa wapi na kwa nini, mgonjwa atakuambia nini, nitaona nini nikimtazama, kipi kati ya hivyo kitamuua leo. Famakolojia isome kwa makundi ya dawa. Zinazoishia na "pril" zina tabia moja, pamoja na kikohozi kikavu na hatari ya kuvimba midomo na ulimi. Zinazoishia na "olol" hupunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo hesabu mapigo kabla ya kutoa. Kisha uunganishe: furosemidi, dawa ya kukojoza, hutoa maji pamoja na potasiamu, na potasiamu ikishuka digoksini, dawa ya moyo, hugeuka sumu kwa urahisi. Kwa hiyo mgonjwa mwenye dawa hizo mbili ambaye potasiamu yake ni 2.9, wakati kawaida ni 3.5 hadi 5.0, dawa ya asubuhi unaizuia na kupiga simu. Ukiuelewa mnyororo huo mara moja, hutahitaji kuukariri.

Hesabu za dawa zina mtihani wake, na vyuo vingi hutaka upate asilimia 90 au zaidi ndipo uruhusiwe kugusa dawa wodini. Hisabati yenyewe ni ya darasa la saba. Kinachoponza ni vipimo, na sisi tuliotoka Afrika Mashariki tuna kazi ya ziada hapo. Mtoto atapimwa kwa pauni: pauni 44 unazigawa kwa 2.2 unapata kilo 20. Ameandikiwa miligramu 15 kwa kila kilo, maana yake 300. Dawa ya maji ina miligramu 160 katika mililita 5, kwa hiyo unampa mililita 9.4. Joto litakuja kwa Fahrenheit, ambapo homa ya 38 ni 100.4. Sukari hupimwa kwa miligramu, ambapo 70 ya huku ni kama milimoli 3.9 ya kwetu. Hata majina ya dawa yanabadilika: parasetamoli huku ni asetaminofeni, salbutamoli ni albuteroli, adrenalini ni epinefrini. Andika jedwali lako sasa ulizoee kabla ya kuanza.

Juu ya vitendo, u-CNA wako utakusaidia sana na unaweza pia kukurudisha nyuma. Hutaogopa kumgusa mgonjwa, kumgeuza wala kumwogesha, na hilo ni jambo kubwa siku za mwanzo wenzako wanapotetemeka. Lakini nimewasimamia CNA wengi ambao, wakibanwa na maswali, hukimbilia kazi wanayoijua. Mwanafunzi anaogesha wagonjwa watatu kwa upendo mwingi, kisha nikimuuliza kwa nini mgonjwa wake anapewa dawa ya kuzuia damu kuganda hana jibu. Waogeshe, lakini ukiwa unamwogesha tazama ngozi ya kisigino na mgongo chini, sikiliza pumzi anapogeuka, linganisha miguu kama mmoja umevimba, halafu njoo uniambie ulichokiona na unachokihofia. Fika kabla ya wauguzi kupokezana zamu, sikiliza taarifa nzima, na omba kazi usisubiri kupangiwa. Muuguzi wa wodi akiona unauliza kwa adabu na unarudisha majibu, atakuita kila panapotokea jambo la kujifunza.

Baba wa Watatu, Houston

Naomba kutofautiana kidogo na waliotangulia, kwa heshima zote. Yote waliyoyasema ni sahihi kwa mtu atakayekwenda ABSN, lakini kwa maelezo ya dada, nyumba inayosimama kwa mishahara miwili, mume yuko barabarani wiki nzima na mtoto mdogo yuko nyumbani, ningeiweka mezani kwa uzito uleule njia ya ADN.

ADN, yaani shahada ndogo ya uuguzi (Associate Degree in Nursing), husomwa katika chuo cha jamii kwa takriban miaka miwili baada ya masomo ya awali. Mwisho wake unafanya NCLEX-RN ileile na kupata leseni ileile ya RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa. Ada yake ni sehemu ndogo ya ile ya chuo binafsi, ratiba yake inapumua, na ukishaajiriwa unasoma shahada ya uuguzi kwa njia ya mtandao taratibu, mara nyingi hospitali ikichangia ada. Mimi nilipita huko nikiwa na shahada ya sheria kutoka nyumbani. Nilibaki na zamu mbili kwa wiki kama msaidizi, wazazi hawakukosa dawa, na nilimaliza bila mkopo wa benki.

Sitaki kuficha ubaya wake. Nafasi za ADN hugombaniwa sana kwa sababu ya unafuu wake, na unaweza kusubiri muhula au zaidi. Hospitali kubwa za mijini hupendelea wenye shahada, kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ilikuwa katika kituo cha wagonjwa wa muda mrefu na si hospitali niliyoitaka. Lakini masomo ya awali ya njia hizi mbili karibu yote ni yaleyale. Yaanze, na uamuzi utaufanya ukiwa na alama zako mkononi na hesabu ya fedha iliyokamilika.

Mama wa Wawili, Columbus, Ohio

Nawashukuru sana. Shikamoo mwalimu. Nimesoma majibu haya pamoja na mume wangu, na tumekubaliana kwamba nianze kemia na saikolojia muhula ujao hapa katika chuo cha jamii, huku ndugu yangu akifuatilia matokeo yangu chuoni Dar es Salaam. Ya wazazi nitayazungumza nao mwenyewe. Kati ya ABSN na ADN tutaamua baada ya fiziolojia, kama kaka wa Houston alivyoshauri.

Nina swali moja lililobaki. Ninasoma Kiingereza bila shida, lakini polepole, kwa sababu naanza kutafsiri kichwani ninapokutana na sentensi ndefu. Je, katika mitihani yenye muda, na hasa NCLEX, jambo hili litaniangusha? Na maandalizi ya mtihani huo yaanze lini?

Mkufunzi wa vitendo, Minneapolis

Marahaba mdogo wangu. Mmeamua vizuri.

Kwanza nikutoe hofu ya muda wa NCLEX. Mtihani una saa tano, na maswali ni kati ya 85 na 150. Kompyuta hukupa swali gumu zaidi ukipata na jepesi ukikosa, na husimama pale inapokuwa na uhakika kwamba umevuka kiwango au hukuvuka. Hata ukifika 150 una dakika mbili kamili kwa kila swali. Mitihani ya darasani ndiyo yenye haraka, maana mingi hukupa dakika moja na nusu hivi kwa swali, kwa hiyo kasi yako ijenge mapema.

Namna ya kuijenga ni kusoma sentensi ya mwisho ya swali kwanza, ile inayouliza, kisha urudi juu kwenye maelezo ukitafuta mambo matatu: mgonjwa ni nani, tatizo lake ni nini, na jambo hili ni jipya au lilikuwepo. Maneno yanayobeba swali ni machache na yanajirudia: "kwanza", "muhimu zaidi", "anahitaji maelezo zaidi". Hilo la mwisho lizoee sana, kwa sababu linataka uchague kauli yenye makosa, na wanafunzi wanaosoma kwa haraka huchagua iliyo sahihi. Epuka kutafsiri sentensi nzima. Jenga picha ya mgonjwa kitandani. Wewe una bahati kwamba picha hizo unazo tayari kutoka kazini.

Tangu Aprili 2023 mtihani umeongezewa visa virefu vya wagonjwa, kila kimoja kikiwa na maswali sita yanayofuatana, kuanzia kutambua dalili zenye uzito hadi kupima kama ulichofanya kimesaidia. Visa hivyo vinakuja na taarifa za wauguzi, vipimo vya maabara na amri za daktari, sawasawa na faili la mgonjwa. Kwa hiyo jizoeze kazini kwako tangu sasa, kwa kadiri sheria za kituo zinavyokuruhusu: ukisikiliza taarifa ya kupokezana zamu, kabla muuguzi hajasema anayemhofia zaidi ni nani, mchague wewe kimoyomoyo pamoja na sababu, kisha usikilize yeye anasema nani.

Maandalizi ya NCLEX yaanze wiki ya kwanza ya programu, kwa maana ya kujibu maswali ya mtindo huo kila siku, hata kumi tu, katika mada uliyofundishwa wiki hiyo, na kusoma maelezo ya kila jibu, pamoja na uliyoyapata. Ukishahitimu, usiondoke mjini wala usirudi kwenye zamu nyingi kabla ya kufanya mtihani. Jaza maombi ya bodi ya Ohio na ulipe dola 200 za usajili wa Pearson VUE, kampuni inayosimamia mtihani huo, kabla ya mahafali, ili ruhusa ya kufanya mtihani ikitoka uchague tarehe ya karibu wakati masomo bado yako kichwani. Jina kwenye maombi lifanane herufi kwa herufi na lile la kitambulisho utakachokwenda nacho, na kwa kuwa sisi wengi tuna majina matatu nyumbani na mawili kwenye kadi za huku, hilo lirekebishe tangu siku ya kuomba chuo.